Mkopo Si Kazi: Uhakiki wa Sera ya Ajira Nikiutazama Kutoka Nsambya

Katika mahafali ya vyuo vikuu hapa Kampala kuna maneno ambayo mgeni rasmi ni nadra kuyasahau: msitoke hapa mkatafute kazi, tokeni mkaunde kazi. Wazazi hupiga makofi. Wahitimu nao hupiga makofi, ingawa wengi wao tayari wamekwisha kupeleka barua za maombi ya kazi katika ofisi kadhaa.

Maneno hayo si mapambo ya hotuba tu. Kwa takribani miaka 30 yamekuwa ndiyo msingi wa sera ya serikali ya Uganda kuhusu ukosefu wa ajira. Sera yenyewe inaweza kufupishwa hivi: asiye na kazi amekosa mtaji, akipewa mtaji kidogo, kwa mkopo, atajiajiri na baadaye ataajiri wengine. Katika insha hii nataka kuihakiki dhana hiyo. Sikatai kwamba mtaji una faida. Ninachokataa ni kuufanya mtaji kuwa jina lingine la ajira. Watu wengi katika mji kama huu hawana kazi kwa sababu wanachoweza kukitengeneza hakina wanunuzi wa kutosha, na mkopo peke yake haumleti mnunuzi dukani.

Tuanze na majina ya mipango, kwa kuwa majina huonyesha jinsi serikali inavyoyafikiria matatizo ya watu wake. Katikati ya miaka ya 1990 ulikuja mpango ulioitwa Entandikwa. Kwa Kiganda neno hilo lina maana ya mwanzo, yaani kitu cha kuanzia. Mswahili akilisikia anaweza kudhani watu wataenda kutandikwa, na waliodaiwa marejesho baadaye huenda waliuona utani huo kuwa na ukweli ndani yake. Kampeni za mwaka 2006 zikaleta Bonna Bagaggawale, yaani wote watajirike. Mwaka wa fedha wa 2011/12 serikali ikatenga shilingi bilioni 25 kwa mfuko wa mitaji ya vijana uliopitia katika mabenki. Januari 2014 ukazinduliwa mpango wa riziki za vijana, Youth Livelihood Programme, wa shilingi bilioni 265 kwa miaka mitano, uliokuwa ukikopesha vikundi vya vijana. Mwaka 2019 ikaja Emyooga, neno la Kinyankole lenye maana ya fani au kazi za ujuzi.

Ukiyapanga majina hayo kwa mfuatano utaona mambo mawili. La kwanza, mingi kati ya mipango hiyo ilikuja karibu na uchaguzi: wa 1996, wa 2006, wa 2011, wa 2016 na wa 2021. Mkopaji aliyepokea fedha katika msimu wa kampeni alikuwa na haki ya kujiuliza kama anakopeshwa au anashukuriwa mapema. Haishangazi kwamba ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zililalamikia marejesho madogo mara kwa mara. La pili, hakuna hata jina moja linalotaja ajira. Majina yanataja mwanzo, utajiri, riziki na ujuzi. Mtu wa kumpa mwenzake kazi hayumo.

Mpango mkubwa wa sasa ni Parish Development Model, ambao kila mtu anauita PDM. Magazeti ya Kiswahili huandika "parokia", lakini ukisema parokia hapa Nsambya, kilima walichokalia wamisionari wa Mill Hill tangu mwaka 1895, watu watafikiria kanisa. Kwa hiyo nitatumia neno tunalolijua, muluka. Rais Museveni aliuzindua mpango huu wilayani Kibuku, mashariki mwa nchi, tarehe 26 Februari 2022. Kila muluka hupokea shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia SACCO yake, yaani chama cha akiba na mikopo. Mwanachama hukopeshwa hadi shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, naye hupewa muda kabla ya kuanza kulipa. Wanawake wametengewa asilimia 30 ya fedha hizo, na vijana asilimia 30. Lengo lililotangazwa ni kuziingiza katika uchumi wa fedha asilimia 39 ya kaya za Uganda, ambazo huzalisha chakula cha kula tu.

Mhakiki mwadilifu lazima aseme wazi mazuri ya mpango huu. Riba yake ni nafuu mno kuliko ya wakopeshaji wa mitaani, ambao wapo wanaotoza kwa mwezi mmoja zaidi ya kile ambacho PDM hutoza kwa mwaka mzima. Fedha zinatumwa kwenye simu ya mkopaji, jambo linalopunguza mikono ya kupitia. Pia si fedha kidogo: nchi ina zaidi ya miluka 10,500, kwa hiyo kila mwaka inatoka zaidi ya shilingi trilioni moja. Mkulima wa kahawa wa Masaka au Bushenyi, mwenye shamba lakini asiye na fedha za miche na mbolea, anaweza kubadilishiwa maisha na shilingi milioni moja. Kahawa yake ina mnunuzi hata kabla haijaiva. Kwa mkulima huyo, kilichopungua kweli ni mtaji.

Lakini sera iliyoshonwa kwa kipimo cha mkulima yule imevishwa na Kampala pia. Kampala ina miluka 99. Ikiwa kila mkopaji atapata milioni moja kamili, muluka mmoja utakopesha watu 100 kwa mwaka, na jiji zima lisizidi watu 9,900. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu katika jiji hili wakazi takribani milioni 1.8. Hata kama kila mkopo ungezaa kazi moja ya kudumu, ingechukua miaka mingi kabla tofauti haijaonekana mitaani, na wakati huohuo shule na vyuo vinatoa wahitimu wapya kila mwaka.

Sasa tuitazame Nsambya yenyewe. Baadhi ya miluka yake inaitwa Nsambya Railway, Nsambya Police Barracks na Nsambya Housing Estate. Majina haya ni kumbukumbu ya waajiri. Kulikuwa na wakati ambapo serikali ilikuja kwenye kilima hiki kama mwajiri: ilijenga reli, ikaajiri watu wa kuiendesha, ikawapa nyumba, ilianzisha polisi, ikawajengea kambi. Watu walitoka kila pembe ya Uganda na hata Kenya, na ndiyo sababu Kiswahili kilipata makao hapa kabla hakijaingia katika mihadhara yetu. Kilikuwa lugha ya kazi katika maana yake ya kawaida kabisa: lugha ya watu waliofanya kazi pamoja bila kuwa na lugha moja ya mama.

Miaka ya 1990 serikali ilibadilika. Kwa masharti yaliyoambatana na mikopo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, watumishi wa umma walipunguzwa kutoka takribani 320,000 mwaka 1990 hadi karibu nusu yao kabla ya muongo kumalizika. Mashirika ya umma yakauzwa. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ukakabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25 ambao ulikatika kabla hata ya nusu ya muda wake. Sisemi kwamba kila nafasi iliyofutwa ilikuwa na maana, kwani katika orodha za mishahara walikuwamo pia wafanyakazi hewa. Nasema kwamba tuitazame miaka: Entandikwa ilifika katika muongo uleule ambao serikali ilikuwa ikiacha kuwa mwajiri. Nsambya Railway ilipewa jina na mwajiri, na leo serikali inarudi katika muluka huohuo kama mkopeshaji. Mabadiliko haya ni makubwa, na ni lazima yaitwe kwa jina lake. Mwajiri akikosea hesabu, hasara ni yake. Mkopeshaji akikosea hesabu, hasara anabaki nayo mkopaji.

Kazi inayojulikana zaidi Nsambya leo ni useremala. Kando ya barabara utaona vitanda, makabati na makochi yamepangwa mpaka ukingoni mwa lami, mafundi wakipiga randa na msasa nyuma yake. Mbao nyingi hununuliwa Ndeeba. Hawa ni watu waliokwisha kufanya kile ambacho mgeni rasmi wa mahafali anakihubiri. Wamejiajiri, wana ujuzi, wana vifaa. Basi tuwatumie kuijaribu sera hii.

Mpe fundi mmoja mkopo wa shilingi milioni moja, fedha ambazo kwa dola hazifiki 300. Atanunua mbao zaidi na kutengeneza vitanda zaidi. Sasa vitanda vimeongezeka barabarani, lakini wapita njia wenye fedha za kununua kitanda ni walewale wa jana. Akiuza, huenda amemnyang'anya mteja jirani yake. Asipouza, mtaji wake umesimama juani na kunyeshewa, na riba inaendelea. Wape mafundi wengine watano mikopo kama hiyo katika barabara hiyohiyo na bei zitashuka kwa wote. Papo hapo, maduka ya jijini yanauza samani zilizoletwa kutoka China na Uturuki kwa wateja wenye kipato kikubwa zaidi. Mkopo wa PDM haugusi lolote kati ya mambo hayo. Unagusa mbao tu.

Hoja hii si ngeni katika elimu ya uchumi. Mwaka 1936 John Maynard Keynes, akiandika wakati Uingereza ilipokuwa imejaa watu wasio na kazi, alieleza kwamba watu wanaweza kukosa ajira kwa wingi bila kuwa wavivu wala wajinga, kwa sababu tu matumizi ya jumla katika uchumi hayatoshi kuwapa wote kazi. Uganda si Uingereza ya wakati ule, na upungufu wetu hauko kwenye matumizi peke yake. Umeme, barabara na ujuzi vimo pia. Hata hivyo swali lake linatufaa: ni nani atakayenunua?

Kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2008, kaskazini mwa Uganda, serikali iliwapa vikundi vya vijana fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa. Ilikuwa ruzuku, si mkopo, na kwa kila kijana ilikuwa zaidi ya dola 300. Christopher Blattman na wenzake walifuatilia waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne, mapato ya waliopata yalikuwa yamepanda kwa takribani asilimia 38 kuwazidi wenzao. Huo ni ushindi mkubwa, na wanaoitetea mipango hii wana haki ya kuutaja. Lakini watafiti walirudi baada ya miaka tisa na kukuta pengo la mapato karibu limetoweka, kwa sababu wale waliokosa walikuwa wamewafikia wenzao. Fedha ziliwasaidia vijana kuanza mapema. Ukubwa wa soko la mji wao ulibaki kuwa jambo lingine. Na kumbuka kwamba hawakudaiwa kurudisha chochote.

Sera ya mtaji ina kasoro nyingine inayoonekana zaidi mjini: mkono mmoja wa serikali haujui ufanyalo mwingine. Januari 2022 Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iliwaondoa wachuuzi katika barabara za jiji. Wiki chache baadaye, huko Kibuku, serikali ikazindua mpango wa kuwapa watu mitaji ya biashara ndogo. Sina shaka kwamba jiji linahitaji utaratibu. Njia ya waenda kwa miguu ni ya waenda kwa miguu. Lakini mtu anayeuza nguo juu ya turubai amekwisha kujiajiri. Kama sera ni kujiajiri, kitu cha kwanza anachostahili mtu huyo ni mahali halali pa kufanyia biashara, karibu na pale wateja wanapopita. Shilingi milioni moja haimnunulii mahali hapo.

Hapa ndipo suala la ustawi wa jamii linapoingia. Nchi inayowaambia raia wake wajiajiri inapaswa pia kuwaambia nini kitatokea biashara ikishindikana, mwili ukichoka au uzee ukifika. Mfanyakazi wa ofisini ana akiba yake NSSF. Fundi wa kando ya barabara mara nyingi hana. Kwake kuna SAGE, posho ya wazee iliyoanza kwa majaribio katika baadhi ya wilaya takribani mwaka 2011. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi, takribani dola 7. Wakati wa majaribio ilitolewa kwa wenye miaka 65 na zaidi, na Karamoja kuanzia miaka 60. Ilipopanuliwa nchi nzima karibu mwaka 2020, wapya walitakiwa wawe na miaka 80. Mwaka 2021 watafiti wa haki za binadamu walionyesha jinsi kitambulisho cha taifa, Ndaga Muntu, kilivyowazuia baadhi ya wazee kupata hata hicho kidogo, ama kwa sababu hawakuwa nacho au kwa sababu kiliandikwa umri usio sahihi.

Linganisha umri huo na wa jirani zetu. Zanzibar ilianzisha pensheni kwa wote mwaka 2016, kwa wazee wenye miaka 70 na zaidi, bila kujali kama waliwahi kuajiriwa. Kenya nayo mwaka 2018 ilianza kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Zanzibar si tajiri wa kupindukia. Iliamua tu kwamba uzee ni sababu tosha.

Mtetezi wa serikali atasema: fedha hazipo. Ni kweli kwamba bajeti ya mwaka 2024/25, iliyokuwa zaidi ya shilingi trilioni 72, ilimezwa kwa sehemu kubwa sana na madeni. Lakini "hazipo" ni neno la kulichunguza. Mwaka 2021 kila mbunge wa Bunge la 11 alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari. Posho ya SAGE kwa mwaka ni shilingi 300,000, kwa hiyo gari la mbunge mmoja lingewalipa wazee zaidi ya 660 kwa mwaka mzima. Sitaji hesabu hii ili kumchekesha mtu. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kilichofanyika ni uchaguzi, na uchaguzi unaweza kufanywa vingine.

Atasema tena: serikali haiwezi kumwajiri kila mtu. Sawa kabisa. Lakini kati ya kumwajiri mtu na kumkopesha kuna njia ya tatu, nayo ni kununua kutoka kwake. Serikali ndiyo mteja mkubwa kuliko wote nchini. Inanunua madawati ya shule, vitanda vya hospitali, sare, vyakula vya magereza na kambi. Tangu mwaka 2014 tuna sera ya Buy Uganda Build Uganda, inayosema bidhaa za nyumbani zipewe kipaumbele. Kenya ilikwenda hatua zaidi mwaka 2013 ilipotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Utekelezaji wa Kenya una matatizo yake, hasa malipo yanayochelewa na kampuni za watu wakubwa zinazojificha nyuma ya majina ya vijana. Lakini msingi wake ni sahihi, kwa sababu unashughulikia upande wa mnunuzi.

Hebu fikiria mafundi wa Nsambya wakiunda SACCO ileile ya PDM, halafu badala ya kila mmoja kuchukua milioni yake na kushindana na jirani, chama chao kipewe zabuni ya madawati ya shule za msingi za Makindye, malipo yakitoka ndani ya siku 30. Mkopo ungekuwa na kazi ya kufanya: kununua mbao za kazi iliyokwisha kuagizwa. Fundi angeweza kumchukua kijana mmoja wa kumsaidia, kwa kuwa angejua kuna kazi ya miezi sita mbele. Hapo ndipo kujiajiri kunapozaa kuajiri. Mpango kama huo hauhitaji jina jipya wala uzinduzi mwingine. Unahitaji ofisi inayolipa kwa wakati na mkaguzi anayehesabu madawati.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii. PDM ni bora kuliko mipango iliyoitangulia kwa ukubwa wake, kwa riba yake na kwa kufika kwake karibu na watu. Kwa mkulima mwenye ardhi na zao lenye soko, inaweza kuwa msaada wa kweli. Lakini kama jibu la ukosefu wa ajira mjini ina kasoro ya msingi, kwa kuwa inamtwika asiye na kazi jukumu la kuponya uchumi ambao hakuuharibu yeye. Akishindwa, takwimu zitamwandika kuwa mdaiwa sugu, na hatasomeka popote kuwa mtu aliyekosa soko.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini wenye kibaba wanapaswa pia kuuliza nafaka itatoka kwa nani na itauzwa kwa nani. Safari nyingine viongozi watakapokuja katika miluka yetu kutuuliza kama fedha za PDM zimefika, tuwajibu ndiyo au hapana kwa uaminifu, kisha nasi tuwaulize swali moja: mwaka huu serikali imenunua nini Nsambya?